Fundi wa Hamira na Mtungi wa Chole

Watu watakwambia alikuwa mkorofi. Waulize pale maabara kwetu Kibaha, waulize hata walinzi walioajiriwa juzi na hawakumkuta: mama mkorofi, mama mbishi, mama aliyegoma kusaini. Sawa. Mimi nimekaa naye miaka minne, nimekula naye, nimegombana naye mpaka nikajifungia chooni kulia, na ninasema hivi: kama ule ndio ukorofi, basi nchi hii ina upungufu mkubwa wa wakorofi.

Tulimwita Fundi, na cheo chake kilikuwa hicho hicho, fundi wa maabara. Jina lake sitalitaja. Amenikataza mwenyewe, akasema limeshakaa mahali pamoja panapomtosha, na mahali hapo nitapafikia.

Alikuwa mfupi, mkavu, koti jeupe juu na kanga imefungwa kiunoni chini ya koti. Asubuhi alishuka kituo cha Kwa Mathias, akapita kwa muuza maandazi, akanunua mawili, akamwambia yule dada mara nyingi neno lile lile: "Hamira yako leo imelala njaa." Na kweli, siku aliyosema hivyo maandazi yalikuwa mazito. Yule dada alimchukia miaka miwili, halafu akaanza kumfuata na bakuli la unga aliouumua amwonyeshe kabla hajakaanga.

Akifika maabara, kabla ya kufungua kabati la sahani zetu za kuoteshea hamira alibisha mlango wake kwa kidole. Hodi. Anasubiri kidogo, ndipo anafungua. Nilimuuliza, Fundi, unambishia nani, humo kuna hamira tu? Akanitazama kama niliyemtukana mamake. "Wewe ukiingiliwa chumbani bila hodi unafurahi?"

Kazi yetu niieleze sasa hivi, maana asiyeijua kazi hatauelewa ugomvi. Hamira hii ya maandazi ni kiumbe hai, chembe moja moja, na kila chembe imezungukwa na utando. Kwenye utando huo kuna vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake. Tulichokuwa tunakishughulikia sisi kazi yake ni kuyageuza mafuta ya utando, kuyatoa upande wa nje na kuyarudisha wa ndani. Fundi alikiita mgeuza chapati. Binadamu naye ana vimeng'enya vya ukoo huo huo, zaidi ya kimoja, na swali letu lilikuwa ni kipi hasa kinachoweza kuifanya kazi ile ile ya yule wa hamira. Fundi alimwita huyo somo, kama tunavyoitana watu wawili wenye jina moja.

Unampataje somo? Unaichukua hamira, unaing'oa ile jeni yake ya kugeuza mafuta. Hamira hiyo iliyonyimwa, kwenye joto inaishi raha mustarehe. Ipeleke kwenye baridi, inashindwa kuota. Sasa ipe jeni ya binadamu, irudishe kwenye baridi. Ikiota, umempata somo. Isipoota, huyo ana jina tu. Na pembeni lazima uweke sahani nyingine, ya hamira iliyonyimwa na isiyopewa kitu chochote. Hiyo Fundi aliiita mnyimwa. Mnyimwa hatakiwi kuota kwenye baridi. Akiota, hakuna ulichopima, hata kama sahani nyingine zote zimeota mpaka maua.

"Kufanana si kuweza," alituambia kila tulipokuja na karatasi zetu za kompyuta zinazoonyesha jeni hii inafanana na ile. "Mimi nina somo yangu kule Maneromango, tuna jina moja mpaka la baba. Mwambie akupikie wali wa nazi uone msiba."

Na asidhani mtu kwamba ulikuwa mchezo wa kuotesha hamira. Wako watoto wanaozaliwa na kimeng'enya cha ukoo huo kikiwa kibovu. Nyongo haishuki inavyotakiwa, macho yanakuwa ya manjano, mwili unawawasha wanajikuna mpaka damu. Fundi aliwahi kumwona mmoja, mtoto wa jirani. Tukianza uzembe alikunja mkono akaukuna taratibu mbele yetu. Tulikuwa tunaona aibu tunarudi kazini.

Nisimfanye malaika lakini. Mwanamke yule alikuwa mwizi wa karata. Saa ya chakula tulicheza kwenye ukumbi wa nyuma, na Fundi alificha karata kwenye mkunjo wa kanga, chini ya sahani ya wali, siku moja ndani ya kiatu. Ukimkamata anacheka. "Karata ni karata, sahani ni sahani." Miavuli ya watu aliazima na haikurudi. Umri wake aliutaja kila mwaka ukiwa ule ule. Kwenye soko angeapa kwamba nyanya za pale chini zina bei nusu, na huko chini hajafika wiki nzima. Nikamwambia siku moja, Fundi, wewe ni mwongo wa kutupwa. Akasema, "Ndiyo maana naujua uongo ukija."

Mkuu wetu tulimwita Daktari. Mtu mwema, lazima nimpe haki yake: mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyetoa gari. Mnyamwezi wa Tabora, na Fundi Mzaramo wa Chole ya Kisarawe, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao ulikuwa burudani ya jengo zima. Daktari anaingia: "Shikamoo Fundi, naona leo umeoga." Fundi: "Marahaba. Nimeoga kwa sababu nimesikia Mnyamwezi anakuja, na wewe harufu yako inatosha wawili." Watu tunavunjika mbavu. Kwa utani Fundi alimwambia mambo ambayo sisi wengine tungefukuzwa kazi: kwamba barua yake ina makosa, kwamba ameahidi asichokuwa nacho, kwamba shati lake halifanani na cheo. Daktari alicheka, kisha akaenda kurekebisha. Hivyo ndivyo maabara ilivyokwenda, na ilikwenda vizuri.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Binti wa Mlandizi, baba mkulima wa mihogo, wa kwanza katika ukoo kuvaa koti jeupe. Kijijini walishaanza kuniita daktari, nami sikuwa nawakatalia. Sahani zangu zilikaa siku tano kwenye kabati la baridi, nyuzi ishirini za joto, na Jumatatu nikafungua. Hamira yenye jeni ya binadamu ilikuwa imeota! Nyeupe, nene, safu kwa safu. Nikapiga yowe. Daktari akaja mbio akanishika mabega. Alhamisi wageni wa mradi walikuwa wanakuja, na hatukuwa na kitu cha kuwaonyesha, na sasa tulikuwa nacho.

Fundi akaja polepole, akabisha hodi kwenye mlango uliokwisha kuwa wazi, akatoa sahani ya nyuma kabisa. Akaitazama. Akaiweka mezani mbele yetu.

"Mnyimwa ameota," akasema.

Kweli. Ameota. Si sana kama mwenzake, lakini ameota.

Daktari akasema pengine ni uchafu tu, tuipige picha ile nzuri, hii tuiache. Fundi akaingiza mkono kabatini, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi. Kichupa hicho kilikaa humo siku zote, na sisi tulidhani ni mafuta yake ya nywele. Kumbe! Aliyagandisha mafuta kichupa kikiwa kimesimama, kisha akakilaza. Mafuta yaliyoganda hayatembei. Baridi isipotoka kabatini, utayakuta kitakoni mwa chupa pale pale. Yakiyeyuka yanalala ubavuni, na hata baridi ikirudi yanagandia huko huko ubavuni. Mtu wa pwani yeyote anajua mafuta ya nazi yanavyofanya wakati wa kipupwe, ila Fundi peke yake ndiye aliyefikiri kuyaweka shahidi.

Mafuta yalikuwa yameganda ubavuni.

"Umeme ulikatika," akasema Fundi. "Kabati likashika joto la Kibaha, mnyimwa akajiotea zake, umeme ukarudi, kabati likasoma ishirini kama vile halikufanya kitu." Tukamuuliza mlinzi. Mlinzi akasema ndiyo, Jumamosi, tangu saa nne asubuhi mpaka karibu magharibi. Jenereta lilikuwa limeunganishwa na friji la sampuli na ofisi ya Daktari tu.

Mtu mwenye akili angesema basi, turudie. Daktari aliangalia kalenda. Akafungua daftari langu la maabara kwenye ukurasa wa siku ile, palipoandikwa *aliyehakiki*, akamsogezea Fundi kalamu. "Mama, saini hapo. Baadaye tutarudia kwa nafasi."

"Sisaini."

Daktari akajaribu njia yao ya siku zote. "Aa, nyinyi Wazaramo, kazi mnaanza saa nne, kugoma mnaanza saa mbili."

Sote tukasubiri jibu lake. Tulikuwa tumeshaanza kutabasamu.

"Leo hakuna utani, Daktari," akasema Fundi.

Jamani. Mtani kumkatalia mtani wake utani ni jambo zito, ni kama kumrudishia mtu mahari. Daktari akabadilika uso. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye kazi hii. Unasemaje? Mnyimwa kaota kwa nini?"

Nikaona shahada yangu, nikamwona baba yangu, nikaona Alhamisi. Nikasema: "Inawezekana mkono wa Fundi ulichafua ile sahani."

Nilisema hivyo. Mbele yake. Mkono ulionifundisha kushika sindano ya kuoteshea, mkono uliokuwa ukiipitisha motoni mara tatu pale wengine tulipopitisha mara moja. Fundi aliniangalia. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akasema "Haya," akafunga kichupa chake, akatoka.

Wiki ile ile akahamishiwa stoo, ahesabu mabomba ya sindano na maboksi ya glavu. Wageni walikuja, walionyeshwa picha, walipiga makofi. Daktari, kwa hasira au kwa aibu, sijui, akaacha kumwamkia. Akimpita koridoni anaangalia simu. Na Fundi je? Kila asubuhi, Daktari akipita kimya mbele ya mlango wa stoo, Fundi anaitikia kwa sauti ya kusikika getini: "Marahaba!"

Kila asubuhi. Shikamoo haijatolewa, marahaba inatoka. Wafagiaji walikuwa wanapanga kazi zao wawe karibu na stoo saa hiyo.

Mimi sikupata usingizi mzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilijua maradhi yangu yako wapi: yako kwenye ukurasa usio na saini. Baada ya wiki tatu nikaenda stoo. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu ya kuomba radhi. Nikabisha hodi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua glavu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na nataka kurudia sahani zangu. Ila kabati limekufa kabisa, na jipya limeahidiwa tu."

"Radhi weka hapo juu ya boksi, nitaiangalia," akasema. "Sahani ndiyo lete."

Nyuma ya maboksi, pale stoo, kulikuwa na mtungi. Mtungi wa udongo, mkubwa, kazi ya mkono wa shangazi yake wa Chole, umekaa juu ya mchanga uliolowana na umevishwa gunia la katani lililolowana pia. Ameuleta mwenyewe kutoka Kisarawe, anaunywea maji. Stoo ile haikuwa na dirisha la jua, sakafu ya saruji, chumba cha baridi kuliko vyote katika jengo; wamemfunga mahali alipopataka. Na ilikuwa Juni, kipupwe kimeanza. Akautoa maji nusu, akaingiza kopo la plastiki lenye mfuniko, ndani ya kopo kipimajoto na kile kichupa chake kimelazwa.

Nilicheka. Nakiri. Nimesoma miaka mitano nije kupima vimeng'enya vya binadamu ndani ya mtungi wa maji?

"Cheka," akasema, "ila lowanisha gunia."

Siku nne tuliulowanisha kila baada ya saa mbili na kusoma kipimajoto. Alfajiri kilisema kumi na tisa, mchana ishirini na moja, na juu ya hapo hakikupanda. Mafuta ya nazi hayakutoka kitakoni. Siku ya tano nikapeleka sahani zangu. Daktari alipousikia mtungi alituma ujumbe kwenye simu yangu: *Hicho chungu kitoke kabla mtu wa nje hajakiona.* Nikamsomea Fundi. Akasema, "Mwambie hiki ni kifaa cha stoo. Kimeshahesabiwa." Na kweli, alikuwa amekiandika kwenye orodha, kati ya ndoo na mafagio.

Tukafungua baada ya siku kumi, maana kwenye mtungi mambo yalikwenda taratibu. Mnyimwa hakuota. Msafi kabisa. Fundi akashukuru Mungu kwa sauti. Na hamira yangu yenye jeni ya binadamu, ile iliyopigiwa makofi? Nayo hakuna kitu. Jangwa.

Nilikaa juu ya boksi la glavu nikalia. Basi zile picha zilikuwa uongo mtupu, na mimi niliuza mkono wa mtu kwa uongo mtupu. Fundi alinipa chai kwenye kifuniko cha chupa, akaniacha nimalize kulia, akauliza swali moja.

"Huyu mgeuza chapati wa hamira, kwao anafanya kazi peke yake?"

"Hapana. Ana msindikizaji wake. Bila huyo hafiki hata kwenye utando."

"Na wa binadamu?"

"Naye ana wake."

"Mmempa?"

Hatukumpa. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo, wallahi, limeandikwa na watu, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Tulidhani atatumia msindikizaji wa hamira, kwa kuwa wanafanana.

"Wanafanana!" Fundi akapiga makofi ya kusikitika. "Bi harusi umempeleka ugenini bila kungwi wake wa kumfunda, umemwazimia kungwi wa jirani, halafu unashangaa hasemi. Loh, mwanangu. Mtafute kungwi wake."

Kumpata kungwi, yaani jeni ya pili, ilituchukua mwaka mzima. Kabati jipya halikuja. Kikaja kipupwe kingine, tukaulowanisha mtungi. Safari hii mnyimwa hakuota, aliyepelekwa peke yake hakuota, na aliyepelekwa na msindikizaji wake akaota. Si kwa fujo kama zile za Jumatatu ya aibu, ila akaota, safu kwa safu. Tukarudia mara tatu, kwa sababu Fundi alisema mara moja ni bahati na mara mbili ni mazoea. Mara ya tatu akachukua daftari, akasaini *aliyehakiki*, akarudisha kalamu. "Sasa kachemshe chai."

Nikapata shahada, nimechelewa mwaka na nusu, na sikuona haya. Fundi akastaafu. Siku ya kuondoka aliupakia mtungi wake kwenye bajaji, akaukumbatia mpaka kituoni, na Daktari alikuwa dirishani anaangalia simu. "Marahaba!" tukaisikia kutoka kwenye bajaji.

Mimi nikaajiriwa pale pale. Ndipo vita yangu ikaanza. Makala ya kazi ile ilikuwa tayari kuandikwa, na Daktari akasema fundi haandikwi miongoni mwa waandishi, anashukuriwa chini kwa mstari mmoja. Nikasema haiendi. Akasema ni utaratibu. Nikasema basi nami jina langu halimo, na daftari ni langu. Miezi minane tulivutana. Wenzangu waliniambia naharibu riziki yangu kwa ajili ya mama ambaye saa hizi anapalilia mihogo. Nikasema ndiyo, naharibu. Mwishowe Daktari akachoka. "Haya, mwandike. Lakini tusichekwe: pale kwenye namna tulivyofanya, andika kabati la baridi. Nyuzi ni zile zile."

Nikaona nimeshinda. Nikaandika kabati la baridi, kwa vidole vyangu hivi hivi.

Basi mwaka jana nikapanda gari la Maneromango, kisha bodaboda mpaka Chole, mkobani nimebeba makala na fomu ambayo kila mwandishi husaini kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Nilimkuta barazani anamenya mihogo. Amezidi kukauka, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama, za baba, za yule dada wa maandazi. Nikamkabidhi makala kwa mikono miwili. Nilitaka nimwone akilikuta jina lake.

Hakuliangalia. Kiingereza chake kilikuwa cha maboksi na maelekezo ya dawa, na alikijua vizuri hicho. Akafungua ukurasa wa namna tulivyofanya, akafuata mistari kwa ncha ya kisu cha mihogo. Kisu kikasimama.

"Hapa mmeandika kabati."

"Ndiyo, Fundi. Daktari anasema watu wa nje hawataelewa mtungi. Watacheka."

"Wacheke. Wewe ulicheka, ulikufa?"

"Nyuzi ni zile zile, Fundi."

"Si zile zile. Mtungi unapanda na kushuka, alfajiri na mchana. Kabati limesimama pale pale. Mtu huko aliko atatafuta kabati, ataweka, yatamjia tofauti na yetu. Atajiona mjinga, na mjinga ni sisi." Akanirudishia makaratasi. "Jina langu futa. Mimi sikuona kabati. Siwezi kuwa shahidi wa kabati."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia nimelipigania jina hilo miezi minane, nimetukanwa, nimeitwa mwehu, kwa ajili yake!

"Ulipigania jina," akasema. "Ungepigania mtungi, jina lingekuja lenyewe."

Akaniambia niingie ndani ninywe maji, nimetoka mbali. Mtungi ulikuwa pembeni mwa chumba juu ya mchanga wake, gunia limelowana. Nikachota kata moja. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakaniuma. Nikasimama pale na kata mkononi na nikajiona nilivyo: mara ya kwanza niliuuza mkono wake, mara ya pili nimeuza mtungi wake, na mara zote mbili nilikuwa na sababu nzuri kabisa.

Nikatoka. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikakata neno kabati, nikaandika juu yake kwa kalamu: mtungi wa udongo, uliokaa kwenye mchanga na gunia lililolowana, alfajiri kumi na tisa, mchana ishirini na moja. Nikamwonyesha.

"Na mafuta ya nazi," akasema.

Nikaandika na mafuta ya nazi.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaiweka fomu juu ya ungo. Kabla ya kusaini akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya macho yangu, akaugeuza huku na huku. "Uangalie vizuri. Usije ukasema mchafu." Sikuweza kucheka wala kulia. Akasaini jina lake zima, la kwake, la baba na la babu, polepole, mpaka mwisho wa mstari.

Kesho yake niliingia kwa Daktari nikaweka makaratasi mezani. Akasoma, akafika pale.

"Umeandika nini hapa?"

"Mtungi."

Akaegemea kiti, akaanza kutabasamu. "Nyinyi watu wa Pwani, mkipewa maabara mtaleta na jamvi..."

"Leo hakuna utani, Daktari," nikasema.

Nilibaki nimesimama. Alinitazama, kisha akaitazama ile saini ndefu, majina matatu. Akachukua kalamu yake akasaini chini yake, bila kubadilisha hata herufi.

Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa anaangalia simu, au anajifanya.

"Ukiongea naye," akasema, "mpe shikamoo yangu."

Nikampigia pale pale koridoni, mbele ya mlango wa stoo. Nikamwambia: Fundi, Daktari amesaini, mtungi umo, mafuta ya nazi yamo, na anakupa shikamoo.

Nikasikia kisu cha mihogo kinawekwa chini.

"Mwambie nilishaitikia," akasema. "Siku nyingi."